Pesa za Chama Si Pesa Zetu

Kijiko kiligonga kikombe gizani, mara mbili, taratibu, kisha kikanyamaza. Rispah akafumbua macho. Anayekoroga chai hivyo hataki kusikika.

Alijifunga leso akaenda jikoni. Binti yake, Jerusha, alikuwa ameketi mezani bila kuwasha taa. Mwanga wa kompyuta ulimulika uso wake.

"Hata jua halijatoka. Unaongea na nani?"

"Siongei, Mum. Nasikiliza tu. Ni chuo cha Marekani, wanaeleza jinsi ya kuomba nafasi. Kwao saa hizi ni mchana."

Rispah alimtazama, akamwongezea chai, akaenda kujiandaa kwa kazi.

Ulikuwa mwanzo wa Oktoba, mwaka 2021. Mitaa ya magharibi ya Sydney ilikuwa bado imefungwa kwa sababu ya korona. Rispah alikuwa muuguzi katika makao ya wazee, kwa hiyo yeye alitoka kila siku, barakoa usoni. Mumewe, Kinuthia, alikuwa dereva wa forklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala pale Seven Hills. Zamu zake zilikuwa zimepunguzwa, siku nyingi alishinda nyumbani akimfundisha mtoto wao mdogo, Kamande, kuandika jina lake.

Jerusha alikuwa anamaliza sekondari. Alitaka kuwa mhandisi wa maji, na walimu wake walisema kichwa anacho. Shida ilikuwa karo. Familia iliishi Australia kwa viza ya kazi ya muda. Vyuo vya Sydney vingemtoza karo ya mgeni, na mkopo wa serikali asingepata. Asipopata msaada mahali fulani, masomo yangeishia hapo.

Jioni hiyo Kinuthia aliuliza, "Hao Wamarekani wanataka kujua nini?"

"Kila kitu, Dad," Jerusha akajibu. "Kuna fomu ya msaada wa karo. Mshahara wenu, akiba, kodi ya nyumba."

"Basi hiyo ya akiba niachie mimi."

Kinuthia alikuwa mweka hazina wa chama cha akiba cha Wakenya wa mtaa wao. Jerusha alipoenda kulala, akamweleza mkewe mpango wake.

"Nimeongea na watu wa chama. Wataniwekea pesa zao kwa akaunti yangu mwezi mmoja. Tunatoa karatasi ya benki, imenona. Halafu kila mtu anarudishiwa chake. Si ndivyo watu hufanya wakitafuta viza?"

"Na huo si uongo, Baba Jerusha?"

"Ni kujipanga. Ukienda kuomba mke si unaazima koti? Chuo gani kitampa nafasi mtoto wa mtu hana kitu? Lile koti nililokuja nalo kwenu lilikuwa la ndugu yangu."

"Tulijua. Lilikuwa linakubana."

Wakacheka wote wawili, na maneno yakaishia kwenye kicheko hicho.

Jumamosi Rispah alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya ua alikuwepo jirani yao Falone, mwanamke Mkongomani wa Bukavu, mwalimu wa hesabu. Kabla ya kuhamia Sydney, Falone alisoma Marekani, na chuo ndicho kilichomlipia.

"Mama Jerusha, mutoto amefika wapi na mambo ya chuo?"

Rispah alimweleza, hata na mpango wa chama. Alieleza kwa fahari kidogo. Falone akaacha kuanika.

"Hiyo fomu mumekwisha kuituma?"

"Bado. Pesa zinaingia Jumatatu."

"Basi Mungu amewapenda. Musitume hivyo, mama. Munafikiri chuo kinauliza kama muna pesa ili kimupende mutoto. Hapana. Fomu ile inauliza: wazazi wataweza kutoa kiasi gani? Mukionyesha pesa ya chama, watasema, hawa wanaweza, walipe wenyewe. Siku ya kulipa itafika, na pesa ya watu imekwisha kurudi kwa wenyewe. Mutafanya nini?"

Rispah alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

"Na wakijua ni uongo, wanamufuta," Falone akaendelea. "Hata akiwa tayari darasani. Kwa viza pia ni kosa, ni vile tu watu wamelizoea."

"Kwa hiyo asiye na kitu ndiye hupewa?"

"Nisikudanganye. Vyuo vingi havina bourse, ile pesa ya kusomesha, ya kutosha kwa wageni. Vingine, ukiomba musaada, nafasi yako inapungua. Lakini viko vichache vinavyosema hivi: tukimukubali mutoto, tutalipa kile wazazi wanashindwa. Hivyo ndivyo vya kutafuta. Jerusha asome tovuti ya kila chuo mwenyewe. Asimulipe wakala yeyote."

Kinuthia alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu," akasema, "unataka niwaandikie wazungu kwamba nimeshindwa na watoto wangu?"

"Nataka uandike kwamba zamu zako zilipunguzwa, Baba Jerusha. Kushindwa hawakuuliza." Falone akasogea karibu na ua. "Nililala chumba kimoja na musichana wa India. Baba yake alitengeneza saa za mukono. Aliandika kila kitu, hata miezi ambayo duka lilifungwa. Chuo kikamulipia karibu yote. Yule mubaba hakuwa ameshindwa. Alikuwa amesema tu."

Kinuthia alishusha mikono. Aliingia ndani. Baada ya muda Rispah alimsikia akiongea na watu wa chama kwa simu.

"Wazee, pesa msitume. Zikae huko kwenu."

"Kwani umeshinda bahati nasibu?" mmoja akauliza, na simu nzima ikacheka.

"Nimeamua kuvua koti," Kinuthia akasema.

Tangu hapo kila Jumapili, baada ya ibada ya mtandaoni, meza ya chakula iligeuka ofisi. Waliandika mshahara wa Rispah kama ulivyo. Waliandika kodi ya nyumba, na pesa za dawa walizomtumia mama yake Kinuthia kule Nyeri. Kinuthia alimwomba bosi wake barua inayoonyesha saa zake zilivyopungua, na bosi akaiandika siku hiyohiyo.

Mshauri wa shule alimwombea Jerusha asamehewe ada ya maombi, vyuo vikakubali. Mtihani wa kuingilia, vyuo vingi vilikuwa vimeacha kuudai, maana vituo vyake vilifungwa wakati wa korona. Na msaada wa karo Jerusha aliuomba pamoja na nafasi, siku moja. Falone alikuwa amemwonya kwamba mgeni akingoja mpaka akubaliwe, vyuo vingi havimsikilizi tena.

Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kutaja shughuli nje ya masomo. Jerusha aliiacha wazi.

"Sikuwa na muda wa michezo," alimwambia Falone. "Mum akiwa zamu, mimi ndiye napika na kumlaza Kamande."

"Basi andika hiyo. Umelea mutoto na alama zako hazikushuka. Wewe unaona hiyo ni bure?"

Mwezi wa Machi majibu yakaanza kuja. Chuo cha kwanza kilikataa. Cha pili kikakataa. Cha tatu kilimkubali, lakini bila msaada wowote, na hilo lilikuwa sawa na kukataa.

"Labda lile koti lingesaidia," Kinuthia akanong'ona jikoni.

"Hao waliokubali bila msaada wangetudai pesa za chama," Rispah akamjibu. "Ngoja."

Alisema ngoja, lakini kazini siku hiyo alijikuta amewapelekea wazee wawili chai bila sukari, na wote wawili huitaka tamu.

Kilibaki chuo kimoja. Jibu lake lilikuja asubuhi, mwisho wa mwezi, Falone akiwa kwao na kikapu cha mandazi. Jerusha alisoma hadi mwisho. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaigeuza kompyuta ili mama yake aone.

Walikuwa wamemkubali. Chuo kingelipa karo, chumba, chakula na vitabu. Sehemu ya wazazi ilikuwa ndogo, kitu ambacho Kinuthia angekipata kwenye zamu zake, sasa kwa kuwa ghala lilirudi kazini.

Rispah aliketi sakafuni palepale. Falone akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, kisha akamshika Jerusha mikono wakacheza kuizunguka meza. Kinuthia alifuta macho kwa kiganja, akachukua simu, akampigia mama yake. Alisahau kabisa kwamba Nyeri ulikuwa usiku wa manane.

Mama yake alipokea kwa sauti ya woga. "Nani amekufa? Kinuthia, niambie, ni nani?"

Kinuthia alifungua mdomo amwambie. Alilia tu. Kule Nyeri bibi naye akaanza kulia.

Kamande, ambaye siku zote aliwajibu kwa Kiingereza, akaichukua simu mkononi mwa baba yake.

"Shosho, hakuna mtu amekufa, Jerusha amepata chuo."