Ufunguo wa Bi Moza

Joyceline alizoea kuamka na kukuta mama yake ameshaondoka. Mezani palikuwa na chupa ya chai, mkate uliofunikwa kwa sahani, na kikaratasi: "Chana nywele vizuri. Usisahau sweta." Mama yake, Mwalimu Agnesi, alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya Kigamboni, ilhali wao waliishi Kariakoo, Mtaa wa Nyamwezi, ghorofa ya tatu. Tangu ahamishiwe huko mwezi wa kwanza, alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi kivuko cha Magogoni. Jioni alirudi amechoka hoi, amebeba madaftari ya watoto. Mengine aliyasahihisha akiwa amesimama kwenye foleni ya kivuko.

Baba yake, Kasmir, hakuwa na safari yoyote. Duka lake la jumla la masufuria na ndoo lilikuwa mtaa wa pili tu. Saa kumi na mbili asubuhi alishuka ngazi, akavuka barabara, akafungua. Wateja wa mikoani walishuka kwenye mabasi alfajiri, wakaja Kariakoo moja kwa moja. Wakikuta limefungwa, waliingia kwa jirani.

Basi swali nyumbani kwao lilikuwa moja tu: waishi wapi? Wakibaki Kariakoo, mama anaumia. Wakihamia Kigamboni, baba ndiye atakayepanda kivuko, na duka litachelewa kufunguliwa. Walilizungumza swali hilo kwenye chakula, wakalizungumza wakitoka kanisani, wakafika mahali pa kulinyamazia kwa sababu kila walipolianza waliishia kununiana.

Jumapili moja walivuka kwenda Kigamboni kuangalia nyumba ya kupangisha ya Bi Moza. Bi Moza alikuwa mama mtu mzima, mama yake Hafidhi, muuza viungo aliyepakana na duka la Kasmir. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na jiko la ndani, na kutoka hapo hadi shuleni kwa mama ilikuwa dakika kumi kwa miguu.

Walipomaliza kuangalia, Bi Moza alimpa mama ufunguo.

"Kaa nao mpaka Alhamisi," alisema. "Mkiitaka nyumba, bakini nao, mje tuandikiane. Msipoitaka, nirudishieni tu ufunguo wangu. Sitauliza kwa nini."

"Si ni rahisi kukupigia simu, bibi?" baba aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Watu huona haya kunikatalia. Mmoja ataniambia mtoto anaumwa, mwingine atazima simu wiki nzima. Ufunguo ukirudi nimeelewa, na hakuna aliyelazimika kunidanganya."

Mama alicheka. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, na walipofika nyumbani akauweka ndani ya bilauri juu ya kabati.

Jumanne jioni baba alivua viatu, akakaa, akasema ghafla, "Mama Joyce, tuhame."

"Unasema kweli?"

"Jovin atafungua duka. Mimi nitafika saa tatu. Wateja wawili watatu watapotea, lakini wewe siwezi kuendelea kukutazama unavyokonda."

Jovin alikuwa mdogo wake baba. Mama aliinuka. Alifuta macho kwa kiganja, akaingia jikoni, na baada ya muda mrefu Joyceline alimsikia akiimba.

Joyceline hakuimba. Rafiki yake mkubwa alikuwa Rahaf, binti wa Hafidhi, tangu wakiwa chekechea. Sasa angehamia shule ambako mama yake ni mwalimu, na alijua watoto wangemwitaje: mtoto wa ticha, mpeleka maneno. Alitaka kusema sitaki. Lakini akamtazama mama, akamtazama baba, akaona wote wana furaha, akaenda kupanga sahani mezani.

Siku ya pili yake, alipotoka shule, alichukua ufunguo kwenye bilauri. Alijiambia anauchukua auangalie tu. Akajiambia anashuka nao ngazi tu. Alipofika dukani kwa Hafidhi, akamkuta anapima iliki huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Akauweka ufunguo pembeni ya mizani.

"Wa Bibi Moza," alisema. "Umetoka dukani kwa baba."

Hafidhi aliitikia kwa kichwa, akautia mfukoni, akaendelea na simu yake. Mambo yote hayakuchukua dakika moja.

Alhamisi jioni Joyceline alikuwa dukani kwa baba, amekaa juu ya boksi, anafanya hesabu za shuleni. Jovin alikuwa anafunga masufuria kwa kamba. Elisaria, mbeba mizigo, alikuwa mlangoni na toroli lake, akimsubiri mteja mmoja wa Morogoro aitwaye Mama Celina amalize kuchagua ndoo. Mama akaingia. Hakusalimia mtu. Viatu vyake vilikuwa na mchanga.

"Kasmir," alisema, na mama hakumwita baba hivyo hata siku moja. "Kama hukutaka kuhama, ulishindwa nini kuniambia usoni?"

"Kuna nini?"

"Nimetoka kwa Bi Moza. Nimekuta watu wanashusha vitanda! Ananiambia ufunguo ulirudi jana. Hafidhi kampelekea, umetoka dukani kwako."

"Ufunguo gani? Mimi sijaugusa."

"Basi umetembea wenyewe?"

"Mama Joyce, tuongee nyumbani."

"Nyumbani ulinidanganya vizuri tu! Tuhame, tuhame, kumbe unanichezea. Mwongo mkubwa wewe!"

Neno hilo lilisikika mpaka barabarani. Jovin aliinama kwenye kamba zake kama vile fundo moja limekuwa gumu sana. Mama Celina aliweka ndoo chini taratibu, akasema atapita keshokutwa. Baba alibaki amesimama nyuma ya kaunta, mikono imening'inia. Alikuwa mtu mkubwa, sauti yake ilijulikana mtaa mzima, lakini jioni ile alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Joyceline alikuwa hatua tatu tu kutoka kwao. Sentensi moja ingemaliza yote.  Akainamisha kichwa kwenye daftari, akaandika namba ambazo hazikuwa jibu la swali lolote.

Nyumbani hapakukalika. Mama alipakua chakula, baba hakukigusa. Walipitana kwenye korido kama wapangaji wasiojuana. Joyceline alipomsalimia baba yake asubuhi, "Shikamoo baba," aliitikia "Marahaba mwanangu" kwa upole ule ule wa siku zote, na upole huo ulimuuma kuliko kofi.

Ijumaa alipopita dukani baada ya shule, Elisaria alikuwa anapakia toroli.

"Bosi," Elisaria alimwambia baba huku anacheka, "ufunguo wa stoo uko wapi? Au nao umeshaurudisha kwa mwenyewe?"

Wabeba mizigo wawili waliokuwa jirani waliangua kicheko. Baba naye alijaribu kucheka. Mdomo ulikubali, uso ukakataa. Aligeuka, akajifanya anahesabu masufuria ya juu, na Joyceline akaona shingo yake imelowa jasho.

Hapo ndipo aliposhindwa. Alimfuata baba nyuma ya rundo la ndoo.

"Baba, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ufunguo. Niliupeleka mimi kwa Baba Rahaf. Sikutaka kuhama." Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. "Sikujua kama mama atakuita vile."

 Joyceline alisubiri kofi, na kusema kweli alilitaka, maana kofi lingemaliza mambo. Halikuja.

"Jana mama yako alipokuja," baba alisema, "hapa dukani walikuwepo nani?"

"Baba mdogo Jovin. Elisaria. Na yule Mama Celina."

"Mama Celina anarudi kesho asubuhi kuchukua ndoo zake. Kesho Jumamosi, mama yako haendi kazini. Utakuja hapa, utasema mbele yao."

"Baba, naomba nimwambie mama nyumbani. Tafadhali."

"Nyumbani sikuitwa mwongo. Niliitwa hapa."

Jumamosi walikuwepo wote. Mama alikuja kwa sababu baba alimwomba, akasimama mlangoni amekunja mikono, hataki kuingia ndani. Joyceline alisimama mbele ya kaunta.  Alitazama chini, akaona ukucha wa kidole gumba wa Elisaria umepasuka, akaukazia macho huo huo.

"Baba hakurudisha ufunguo," alisema. "Niliurudisha mimi. Nilimwambia Baba Rahaf umetoka dukani, ili adhani baba ndiye kautuma. Baba si mwongo. Mimi ndiye mwongo."

Barabarani mtu alikuwa anapiga honi na kutukana.  Elisaria alikuna kichwa.

"Aisee bosi," alisema, "na mimi jana nilikutania. Nisamehe bwana."

Mama alikuwa ameingia, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Joyceline alidhani atamgombeza. Lakini mama alimtazama baba kwanza.

"Na mimi nilisema mbele yao," alisema polepole. "Sikukuuliza hata mara mbili. Nisamehe, Baba Joyce."

"Yameisha," baba alijibu, akakohoa, akamwambia Mama Celina, "Ndoo zako hizi hapa, dada."

Mchana walivuka wote watatu kwenda kwa Bi Moza. Joyceline alirudia maneno yale yale, na mara hii aliyasema huku analia. Bi Moza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba imekwenda, mjukuu wangu," alisema. "Siwezi kuwatoa watu waliokwishatandika vitanda." Akavua miwani, akaifuta. "Mimi nilipanga jambo la ufunguo ili mtu asinidanganye kwa kuona haya. Wewe umelichukua ukalifanya la kudanganyia. Nani alikukataza kusema hutaki?"

"Hakuna, bibi."

"Na nani alikuuliza?"

 Baba na mama walitazamana.

"Hatukumuuliza," mama alikiri. "Tulidhani ni mambo yetu wawili."

Bi Moza alivaa tena miwani yake. Aliwaelekeza kwa jirani yake, ambako kulikuwa na vyumba viwili vya uani. Jiko lilikuwa nje, bati linavuja pembeni, na hadi shuleni ni dakika thelathini kwa miguu. Haikuwa nyumba waliyoitaka. Ndiyo waliyoipata, na bado mama angeondoka nyumbani jua limeshachomoza.

Wiki mbili baadaye walihama. Asubuhi ile Joyceline aliagana na Rahaf kwenye ngazi, na Rahaf, ambaye alishasikia yote kwa baba yake, alimwambia, "Ungeniambia mimi kwanza, ningekuzuia." Halafu wakakumbatiana.

Kwenye kivuko baba alisimama pembeni ya gari la mizigo, akashika kochi lisidondoke. Joyceline alishika upande wa pili. Tangu Jumamosi ile alikuwa hamtazami baba yake usoni. Baba aliliona hilo.

"Unaona haya?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Vizuri, ione. Lakini isikuzibe mdomo, maana ndiyo iliyokuponza. Uliona haya kusema hutaki, ukaenda kutenda kwa kificho. Ukaona haya kukiri, ukaniacha nibebe mimi siku nzima. Kuupenda mtaa wenu si kosa. Ungesema, ungelia, hata ungesusa kula, tungekusikiliza. Pengine tungehama vile vile. Lakini mama yako asingenitukana, na nyumba nzuri isingepotea. Sisi tulikosa kukuuliza, na hilo ni letu. Uongo ni wako."

 Kwa mara ya kwanza Joyceline aliinua uso, akamtazama.

"Nimeelewa, baba."

"Kuelewa ni rahisi," baba alisema. "Hivi sasa, unajisikiaje kuhamia huku?"

 Joyceline aligeuka kumtazama mama, aliyekuwa amekaa juu ya godoro akiwasikiliza.

"Bado sitaki," alisema.

"Haya," mama alisema, akasogea kumpisha nafasi. "Njoo ukae hapa, utuambie kwa nini."