Jina Ambalo Marlee Hakulitaja

Foleni ya mikate ya soseji ilikuwa haisogei. Mji wa Charleston ulifurika siku ile ya tamasha la muziki wa kantri, kila kona mtu anakaza nyuzi. Marlee Cutlip aligeuka ghafla, na mkoba wa fidla yake ukamgonga tumboni kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Umeniua, dada."

"Samahani! Umeumia?"

"Vibaya sana. Nipigie wimbo mmoja, labda nitapona."

Alikuwa mrefu, shati la miraba, buti zilizopauka, banjo begani. Jina lake Harlan Teter. Marlee, ambaye hata kuagiza soda humtoa jasho, alijikuta anacheka.

Kiangazi kizima walipiga muziki pamoja. Usiku simu ziliisha chaji wakiwa bado wanaagana.

"Kata wewe."

"Nimeshakata. Mbona bado unaongea?"

Wikendi moja Harlan akampeleka milimani kwa bibi yake, Ocie, ambaye alimfundisha Marlee wimbo wa dansi wa ukoo wao, walsi ya zamani, kwa kusikiliza tu. Na huko kwao hakuna apigaye wimbo wa namna hiyo mbele za watu kabla ya kumtaja aliyempa. Usipomtaja, umeiba.

Septemba Marlee akaalikwa redioni. Mbele ya kipaza sauti maneno yote yakamtoka kichwani. Mtangazaji akamwashiria aanze. Akaipiga walsi yote, vizuri kabisa, akashusha upinde. Jina la Ocie halikutoka.

Hajafunga hata mkoba, simu ikalia.

"Bibi alikaa mbele ya redio tangu asubuhi," Harlan alisema. "Kavaa gauni la kanisani."

"Mpenzi, niliogopa, maneno yali..."

"Alialika majirani, Marlee! Wote wakabaki wanamtazama. Akainuka, akaenda kuosha vyombo visafi."

Akakata.

Tangu hapo Marlee hakutulia. Alianza kupiga pasi, akaacha. Alitoka nje, akasahau alifuata nini. Alipiga simu, haikupokelewa. Kisha akasikia Harlan anahamia mji wa Nashville, na dansi ya Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kituo cha zimamoto ndiyo yake ya mwisho kabla ya kuondoka.

Akaenda na gauni la bluu ambalo pasi ililifikia upande mmoja tu. Wachezaji walizunguka wawili wawili, sakafu ikitetemeka. Jukwaani Harlan alimwona, akainamisha macho. Mapumziko yalipotangazwa, Marlee akapanda jukwaani.

"Mimi..." Ukumbi mzima ukageuka.

"Sema, binti, kahawa inapoa!" mzee mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka.

"Ile walsi niliyopiga redioni si yangu. Nimeipata kwa Bibi Ocie Teter. Alinifundisha barazani kwake, kila nikikosea ananichapa vidole kwa upinde wa fidla. Nilinyamaza kwa woga, si kwa kiburi. Naomba anisamehe."

Akaweka fidla begani. Sehemu ya kwanza alipiga peke yake. Sehemu ya pili banjo ikaingia ubavuni mwake, taratibu.

Walipomaliza Harlan akamvuta nje, nyuma ya gari la zimamoto. Akatoa simu mfukoni mwa shati.

"Nilimpigia bibi pale ulipopanda. Bado yuko hewani. Kasikia yote."

"Anasemaje?"

"Eti umeharakisha. Na uende akakufundishe sehemu ya tatu."

"Kumbe ina sehemu ya tatu?"

"Ipo. Ila wanafundishwa watu wa nyumbani tu."

"Mimi si Teter, Harlan."

"Najua." Alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Ndiyo maana nakuuliza."

"Unaniuliza nini? Na Nashville je?"

"Uwe mke wangu, twende wote au tubaki wote. Mimi peke yangu siendi popote, nimeshachoka kuzunguka chumbani kama mbwa wa mlinzi."

Marlee akaitazama kofia ikizunguka.

"We mtoto!" simu ikafoka. "Mjibu! Miguu inaniuma kwa kusimama huku!"

"Ndiyo!" Marlee akapiga kelele, hadi waliokuwa ndani wakatoka na vikombe vyao kuangalia kuna nini.