Chungu cha Darasa la Sita

Mwalimu Nestor alirudisha karatasi mbili tatu za imla ya Kifaransa alizosahihisha, kisha akasita. Alizikusanya tena, akazitandaza mezani, akaanza kuzipekua moja moja kama mtu anayechambua maharage.

"Nani aliandikia wenzake?" akauliza.

Karatasi ishirini na mbili zilikuwa na mwandiko mmoja: herufi ndefu, nyembamba, zilizolalia kushoto. Hazikuwa na kosa hata moja. Ya ishirini na tatu ilikuwa na makosa tisa, nayo ilikuwa ya Tuyizere.

Mwalimu alimtazama binti huyo, akawatazama wengine, akachukua mfuko wake akatoka. Hakurudi tena kufundisha pale.

Tuyizere alijua kisa chake. Wiki iliyotangulia Athanase, prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa amerudi kwa pikipiki kutoka msituni, upande wa Walikale, amepakata chungu cheusi kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Mwaka uliopita wanafunzi kumi na tisa walifanya Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, wakafaulu wawili. Wazazi walianza kuhamisha watoto. Athanase hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu anayeogopa shule yake isije ikafa. Alikiweka chungu nyuma ya ubao, akanywa yeye wa kwanza, kisha akawaita wa darasa la sita kwa zamu. Unakunywa funda moja, unainama, unatamka jina lako ndani ya chungu. Basi.

Zamu ya Tuyizere ilipofika, pua yake ilipokea harufu ya kaburi linalochimbwa. Maji yalikuwa yakitikisika, na hakuna aliyekigusa chungu.

"Sitakunywa, Paraini." Alimwita hivyo kwa sababu Athanase alikuwa baba yake wa ubatizo. "Siku nilibatizwa, njo weye ulisemaka mu kanisa kwa jina yangu: namukataa Shetani. Sasa leo unanipa nini?"

"Mutoto, hii iko dawa ya akili tu. Wenzako bote bamekunywa. Unataka kuonyesha kama unatupita?"

"Hapana, Paraini. Naogopa."

"Basi ogopa miye."

Tangu siku hiyo alipigishwa magoti uani, juani na mvuani. Wenzake walihama dawati lake mmoja mmoja, hata Astrid, waliyekaa naye bega kwa bega tangu darasa la kwanza. Wakati wa mapumziko walimpisha kama mwenye ukoma. Alikula mihogo yake peke yake nyuma ya choo, akilia bila sauti, na mara nyingi alijiambia: funda moja tu, na nitapata watu wangu tena.

Siku moja Astrid alimfuata huko. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tuyi, kunywa tu," alinong'ona. "Ile kitu inakuulizia."

"Nani njo anauliza?"

"Ile ya mu chungu. Asubuhi, mbele ya miye kuamuka, inasema na kinywa yangu. Mama anaisikia, anazani naota." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi, vimelowa. "Inasema tunakosa mumoja. Kama haukunywi, itatumaliza siye."

"Tuende kwa bazazi, tubaambie."

Astrid alifungua kinywa kujibu, akakohoa. Kule darasani wenzake wote wakakohoa pamoja naye, kikohozi kilekile. Astrid akauachia mkono, akaenda zake.

Ijumaa yake, saa tano za asubuhi, ukungu ulishuka mlimani, ukaingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, ukafuta ubao, ukafuta madawati ya mbele, na Tuyizere alipogeuka alisikia kufuli likifungwa mlangoni kwa nje, na maji yakipiga kuta za chungu polepole kama ya mtu anayeoga, na harufu ile ya kaburi ikamjaa kooni, na wenzake ishirini na wawili wakasimama kwa pamoja bila dawati hata moja kulia, wakamgeukia, macho wazi yasiyopepesa, wakafungua vinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa moja tu, ya mtu mzee, yenye upole unaotisha kuliko hasira:

"Jina."

"Paraini!" Tuyizere alipiga mlango. "Paraini, fungua!"

"Sema jina yako, mutoto, iishe," Athanase alijibu nyuma ya mbao. Alikuwa analia.

Wawili walimshika mikono. Astrid alikuja na kikombe, akakibana midomoni mwake, na Tuyizere akauma meno mpaka damu ikamtoka, maji yakamtiririka kidevuni yakiwa ya baridi kama chuma, na katika ukungu akasikia kitu kikivuta pumzi ndani ya chungu, pumzi ndefu ya anayejiandaa kula. Alipiga teke, akajinyofoa, akarukia dirisha. Nyuma ya shule kulikuwa na mteremko wa mawe. Mkono wake wa kuume ulivunjika mara mbili.

Alilazwa hospitali ya Kirotshe mwezi mzima. Aliporudi, mkono umefungwa gango, barua ilikuwa inamsubiri nyumbani: amefukuzwa kwa uasi, na jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mtihani. Mama yake, Mukandori, alikuwa analima peke yake. Majirani waliacha kumsaidia kuvuna maharage.

"Banasema weye njo uliletea batoto yabo wazimu," mama alisema. "Kwa sababu ulikataa."

Maana sasa wale ishirini na wawili hawakula tena, walikunywa maji tu. Na kila asubuhi, kwenye vilima vyote vile, nyumba hii na ile ya ng'ambo ya bonde, watoto walikohoa kikohozi kimoja, kwa wakati mmoja. Watu walisimama mashambani na majembe yao wakisikiliza, wala hakuna aliyethubutu kusema neno.

Ndipo Mama Euphrasie, kiongozi wa kikundi cha maombi, alipokuja kwa Mukandori.

"Tumejaribu kukitoa ile chungu mu darasa, mikono inakufa ganzi," alisema. "Kazi hii inaomba muntu aliitwa kukunywa, akakataa. Binti yangu, najua vile walikutendea. Lakini tuko na weye tu."

Tuyizere aliogopa, lakini alikwenda. Alikibeba chungu kwa mkono wa kushoto, amekikumbatia kifuani, na njia yote kitu kilimnong'oneza kwa sauti ya Astrid, kisha ya mama yake, kisha ya kwake mwenyewe. Hakujibu.

Uani mwa shule wazazi waliimba, na Mama Euphrasie akawataka watoto wachukue majina yao. Mmoja mmoja walitapika maji meusi, wakalia, "Jina ni yangu!" Astrid alikuwa wa mwisho. Baada yake chungu kikapasuka chenyewe.

"Na weye, Prefe?" Mama Euphrasie akauliza.

Athanase alifungua kinywa. Halikutoka neno, yalitoka maji, safi, bila kukoma mpaka jioni.

Wanafunzi walipona, wakafanya mtihani. Tuyizere hakufanya. Astrid akikutana naye njiani huinamisha kichwa na kupita upande wa pili. Aliyekuona ukiwa vile si rahisi kumtazama tena.

Jumapili Tuyizere hupeleka ndizi kwa Athanase, ambaye hukaa uani kwake, bubu, hajui hata yeye ni nani. Juzi Athanase alimpokea kwa kuinua kichwa. Akatabasamu.

"Mutoto muzuri," alisema, kwa sauti ile ya mzee, ya upole. "Unaitwa nani?"

Généreuse, mkewe, alidondosha sufuria. Miezi minne hakuwa amemsikia mumewe akisema.

"Yesu! Anasema! Mujibu, mwanangu, mujibu!" Alikuwa anacheka na kulia. "Papa, haumujue? Huyu iko—"

Tuyizere alimrukia mama huyo, akamziba kinywa kwa mkono wake mbovu, akaukaza kwa nguvu zote, hata mfupa ulipoanza kulia.