Wanunuzi Watatu wa Mzee Msellem

Jumanne ambayo Boaz aliacha kujibu redio, Loise alikuwa akiwamiminia wageni kahawa.

Sauti ya mwisho ya Boaz iliingia asubuhi, kwenye kisikilizio kidogo sikioni.

"Nimenakili laini ya bosi wa hao wageni wako. Iko kwa simu yako. Ukituma ujumbe, wataona namba yake."

"Toka hapo, Boaz."

"Natoka. Na uache kuniamrisha, wewe si mke wangu."

Mlio wa breki. Kisha kimya.

Adhuhuri polisi waliliona gari lake mtaa wa Rashidiya. Boaz alikuwa ndani, na risasi kifuani.

Loise alilia msalani. Akanawa uso, akawaunganisha polisi na kisikilizio chake. Akarudi kazini.

Yeye na Boaz walikuwa majasusi kutoka Nairobi. Hapa Uarabuni, kwenye maghorofa ya Jumeirah Lake Towers, Loise alijifanya karani wa Mzee Msellem, Mzanzibari msafirishaji wa ngano. Wasafirishaji wengine wote wa ngano inayoshuka Mombasa walikwisha kumezwa na Hadlock, shirika la Kimarekani. Lilikua kama wale wakubwa wa reli na mafuta wa zamani: linamnunua mshindani kwa siri, linamwachia jina lake.

Mzee akiuza leo, bei ya unga wa Kenya itapangwa Chicago.

Wageni hao watatu, wanunuzi wa kampuni ya Mzee, walikaa mbalimbali, wamenuniana.

"Mzee, hawa wote ni Hadlock," Loise alinong'ona.

"Hawa? Tangu asubuhi wanatukanana, mwanangu. Huyu kamwita yule mwizi." Mzee akachukua kalamu.

"Nipe dakika moja, bosi, arbab wangu."

"Moja. Kisha khalas, natia saini."

Chini ya sinia, Loise alishika Samsung yake. Kidole gumba kiliandika chenyewe.

*Tumegunduliwa. Tokeni wote. Sasa.*

Akatuma.

Simu tatu zilitetemeka mezani.

Maadui watatu walisoma. Wakainuka pamoja. Wakatoka kwa mlango mmoja, bila hata mmoja wao kumwuliza mwenzake kulikoni.

Mzee alivitazama viti vitupu. Taratibu akairudisha kalamu mfukoni.

"Kumbe wakitukanana kwa mshahara mmoja."

Loise aligusa kisikilizio. "Wako kwenye lifti."

"Tunawasubiri," afisa wa polisi alijibu kutoka chini. "Dereva wao tumemkuta na damu ya mwenzako nguoni."

Loise alivua kitambulisho cha ukarani, akakiweka kwenye sinia.

"Wenda wapi, mwanangu?"

"Mochwari, mzee."

Akatembea hadi kwenye lifti bila haraka.

Mwili wa Boaz unasafirishwa Ijumaa kwenda Kakamega. Loise ataupeleka.