Zakia na Jiwe Lisilotazamwa

Kila Jumamosi asubuhi Zakia alimsaidia mama yake kuuza vitumbua barazani kwao, Kambarage, mjini Shinyanga. Mikono yake ilifunga vitumbua kwenye karatasi, lakini sikio lilikuwa redioni. Saa tatu kulikuwa na kipindi cha sayansi cha Bi Tahera, mwalimu wa fizikia katika sekondari ya jirani. Alichokisikia Jumamosi alikisimulia shuleni Jumatatu, wakati wa mapumziko. Wenzake wa darasa la sita walimwita "Profesa", naye jina hilo lilimkaa vizuri.

Jumatatu moja aliwaeleza kuhusu elektroni, chembe ndogo mno zilizomo ndani ya kila kitu.

"Kabla hujaipima, huwezi kusema kwa hakika iko hapa au pale," alisema. "Hesabu inakupa uwezekano tu. Ukipima, unaikuta mahali pamoja."

"Halafu?" Fredy aliuliza huku akipiga miayo.

"Halafu basi."

Fredy akainuka, wengine wawili wakamfuata. Zakia aliona wasikilizaji wake wakimponyoka, akaongeza chumvi.

"Hata jiwe ni hivyohivyo! Kabla hujalipasua, ni dhahabu na si dhahabu. Ukilitazama kwa nia moja, bila shaka yoyote moyoni, linageuka dhahabu. Wanasayansi wamethibitisha!"

Fredy alirudi mbio. Siku hiyo Zakia alipigiwa makofi hadi kengele ikalia.

Jumatano, Mwamvua, rafiki yake wa dawati moja, alifika akichekelea.

"Nimemsimulia bibi yote uliyosema. Leo jioni anatoa mbuzi wake wa maziwa, apewe magunia mawili ya mawe. Kuna mchuuzi anaitwa Herman, anayaleta kutoka Segese, kwenye machimbo ya dhahabu. Bibi ameshaanza mazoezi ya kutazama!"

Maziwa ya mbuzi yule ndiyo aliyokunywa mdogo wake Mwamvua kila siku. Zakia akinyamaza, nani angejua? Lakini somo la hisabati lilipita bila yeye kusikia hata neno, na kengele ya kutoka ilipolia alimshika Mwamvua mkono.

"Twende kwenu. Tukimbie."

Walimkuta Herman ameshika kamba ya mbuzi. Bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe, amelikodolea macho mpaka yakamtoka machozi.

"Shikamoo, bibi," Zakia alisema akihema.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Usinikatize, linakaribia kubadilika."

"Haliwezi kubadilika, bibi. Jambo la jiwe nililiongeza mimi. Redioni walizungumzia chembe ndogo tu. Nilitaka wenzangu wasiondoke. Nisamehe."

Mwamvua alimgeukia, mdomo wazi. Herman akacheka na kuachia kamba.

"Bibi, si nilikwambia? Haya ni mawe ya kujengea msingi. Ukaniambia mimi sina imani!"

Bibi aliinuka polepole, akajifuta macho. Zakia alidhani atapigwa. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ungechelewa kidogo ningepofuka bure. Sasa sikiliza. Uongo uliusema mbele za watu, ukausahihishe mbele za watu. Na tutamtafuta huyo mwalimu wa redioni, atueleze ukweli wenyewe ni upi."

Bi Tahera alikubali kwa furaha. Ijumaa alikuja shuleni, na bibi akaketi mstari wa mbele. Zakia alisimama, akaeleza alichokisema na kipi hakikuwa kweli. Wachache walicheka. Fredy akanyoosha mkono.

"Basi mwalimu, kabla hatujaipima, elektroni inakuwa wapi?"

"Wataalamu wanabishana mpaka leo," Bi Tahera alijibu. "Kuhusu matokeo ya vipimo wanakubaliana. Maana yake ndiyo inawagawa. Wapo wanaosema swali lako halina jibu kabla ya kupima. Wapo wanaosema ilikuwa mahali fulani muda wote, ikiongozwa na wimbi. Wengine wanasema majibu yote hutokea, kila moja katika ulimwengu wake."

"Wewe uko upande gani?" bibi aliuliza.

"Mimi bado sijui, mama."

Darasa zima likaguna kwa mshangao. Mwalimu mzima, tena wa redioni, hajui! Mikono kumi ikanyooka kwa pamoja, na Mwamvua akasimama kabisa ili aonekane.

Bi Tahera alimwekea Zakia mkono begani.

"Mnaona? Hakuna aliyeondoka. Anayewaeleza watu sayansi hupewa imani yao, na watu hutenda kwa kuamini neno lake. Kwa hiyo aseme anachokijua, na akifika mwisho wa anachokijua, aseme hapo ndipo alipofika. Leo Zakia amefanya hivyo mbele yenu nyote, na kwangu huo ndio mwanzo wa kuwa mwanasayansi. Haya, Profesa, chagua swali la kwanza."