Asilimia Kumi na Nane

Mwalimu Veneranda alikutwa saa tatu asubuhi, amelala kifudifudi kati ya magunia ya dagaa, ndani ya ghala la kikundi cha akina mama wachuuzi pale Ujiji. Damu ilikuwa imeganda kisogoni. Mlango haukuvunjwa. Kisanduku cha fedha kilikuwa juu ya meza, kimefungwa.

"Aliyefanya hivi si mwizi," alisema Mkaguzi Honorata Kiza.

"Labda ni mwizi aliyeshtuliwa, Afande," alisema Sajini Elia huku akipiga picha.

Honorata alikuwa anatazama mizani. Kando yake yalipangwa mawe sita ya chuma. Matano yalikuwa na vumbi na magamba. La kilo mbili lilikuwa limeoshwa likang'aa. Ukutani, ubao ambao akina mama waliandikia bei ulikuwa umefutwa kwa kitambaa cha maji.

"Chukua hilo jiwe liende maabara," alisema. "Halafu niambie, mtu anaua, kisha anapoteza muda kufuta ubao. Ubao ulikuwa na nini?"

Daktari alisema ni pigo moja la kitu kizito na butu, jana yake kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Nje, wanawake hamsini walikuwa wamekaa mchangani. Walimlilia Veneranda, mweka hazina wao, mwalimu mstaafu wa hisabati. Lakini kila Honorata alipopita, mmoja alimshika mkono akamnong'oneza kwa aibu: "Afande, na fedha zetu za mfuko?"

Ikabidi aulize ni mfuko gani.

Mwaka uliopita walikuwa wamechanga milioni moja moja, wakanunua vipande laki tano vya Mfuko wa Malagarasi, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye ofisi Dar es Salaam. Kipande kimoja shilingi mia. Katibu wao, Elikana, kijana msomi aliyepunguzwa kazi mjini, aliwaambia gawio ni asilimia kumi na nane kwa mwaka. Kila mwezi, kwa miezi kumi na minne, kila mmoja alipokea elfu kumi na tano yake. Hapakuwa na mwezi uliorukwa. Ndiyo maana Ijumaa hii walikuwa wachange tena. Wengine walikuwa wameshauza mashamba.

"Mimi nimeuza kiwanja changu cha Kidahwe," alisema Mama Agnesi. "Elikana ni mwanangu. Ningemwamini nani kama si yeye?"

Honorata, aliyeanza kuitilia shaka ile kumi na nane, alishindwa kumtazama usoni.

Nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Kasingirima, walikuta daftari la shule. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na hesabu tatu, zimepigwa mstari kwa rula. Honorata alizisoma mara mbili, akampigia simu ofisa wa mfuko.

"Bwana, mwalimu ameandika hapa: Machi, shilingi moja na nusu kwa kipande. Mara kumi na mbili, kumi na nane. Ni kweli?"

"Machi tulilipa hivyo, ndiyo. Tulikuwa tumeuza hatifungani kwa faida. Ulikuwa mwezi wa pekee. Huwezi kuuzidisha mara kumi na mbili ukasema ndilo gawio la mwaka."

"Mstari wa pili amejumlisha miezi yote kumi na miwili. Amepata sita."

"Huyo kapatia. Asilimia sita."

"Basi hiyo kumi na mbili nyingine ilitoka wapi? Maana kina mama walilipwa."

Ofisa alisikika akibofya kompyuta. "Kikundi hiki kimekuwa kikiuza vipande kila mwezi, Afande. Kama elfu tano hivi. Vimebaki laki nne na elfu ishirini na nane. Maombi yote yana saini mbili, ya katibu na ya mweka hazina."

Mstari wa tatu wa mwalimu ulikuwa huohuo: vipande vilivyobaki.

Maombi yalitumwa kwa barua pepe mchana huo. Mtaalamu wa maandishi alilinganisha saini na daftari. Ya Veneranda ilikuwa imeghushiwa mara kumi na nne.

Saa tisa Elikana alikaa mbele ya Honorata, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mara ya mwisho kuingia ghalani?"

"Jumatatu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa na homa."

"Mwalimu alikuwa anapiga hesabu kabla hajafa. Unazijua?"

"Mwalimu alizoea hayo. Anakujazia ubao mzima utadhani uko darasani."

"Ubao upi?"

Elikana aligusa kifungo cha shingoni.

"Ubao ule ni wa bei za dagaa. Kina mama wote wamesema mpaka jana saa tisa walipofunga mauzo ulikuwa na bei tupu. Tulipofika ulikuwa umefutwa. Nani mwingine aliona hesabu ubaoni?"

Honorata alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote. Kisha akapanga yale maombi kumi na manne mezani, moja baada ya jingine.

"Sikula hata shilingi," alisema Elikana.

"Najua."

"Nilikosea, Afande. Niliona gawio la Machi, nikazidisha. Wakashangilia. Mama yangu alilia kwa furaha. Mwezi uliofuata ikaja robo milioni badala ya laki saba na nusu." Alijishika kichwa. "Ningewaambia nini? Nikauza vipande, nikajazia. Nikasema mwezi mmoja tu."

"Ukawa unawalipa mtaji wao wenyewe."

"Mchango wa Ijumaa ungeziba pengo. Nilimpigia magoti mwalimu. Nilimwambia anipe mpaka Ijumaa. Akageuka ubaoni, anaandika, ananiambia, 'Elikana, watu wameuza ardhi kwa hesabu yako. Kesho nawaambia.' Alinipa mgongo. Jiwe lilikuwa pale kando ya mkono wangu." Alianza kulia kwa sauti. "Mawe weee, mama yangu! Alikuwa ananifundisha. Mpaka anaanguka alikuwa ananifundisha."

Aliweka saini kwenye maelezo ya onyo, safari hii jina lake peke yake. Elia alimpeleka mahabusu.

Wanawake walikuwa wamehamia nje ya kituo cha polisi. Honorata aliwaeleza polepole, kwa maneno machache aliyoweza kuyapata: nani kaua, kwa nini, na kilichobaki kwenye mfuko. Walitazama chini.

Mama Agnesi alisimama, akajifunga khanga upya, akamsogelea Honorata.

"Kwa hiyo, mwanangu, ukweli ilikuwa asilimia ngapi?"

"Sita, mama."

Mama alirudia namba ile kwa midomo tu.

"Sita," alisema. "Angesema sita. Tungekubali."