Matundu Matatu

Jambo lenyewe lilikuwa dogo: watu walikuwa wanapona vizuri mno. Karani mwingine angefurahi. Karani wa kumbukumbu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Faili, alikuna kichwa.

Daktari wa upasuaji alikuwa amempa orodha mbili apige simu. Moja ya waliotolewa mawe ya nyongo kwa kupasuliwa tumbo; nyingine ya waliotobolewa matundu matatu tu, ya kupitishia kamera na vifaa. Alitaka kulinganisha nani kapona vipi. Maswali manne ya kujaza kwenye fomu: maumivu, kidonda, kazi, na la mwisho, "Tumboni kuna kitu kingine?"

Waliopasuliwa walimchosha. Huyu kidonda kimetunga usaha, yule hawezi kucheka, mwingine akamtukana kwa kumkatizia usingizi wa mchana. Wa matundu je? "Sijambo. Siumwi. Hakuna kitu kingine." Wote ishirini na mmoja aliokwisha kuwapigia, maneno yale yale, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hali yake. Jamani, mtu mzima asikuulize hata za kwako?

"Watu wakipona nayo nongwa!" mdogo wake alimcheka wodini asubuhi ile. Naye alikuwa na mawe, na saa saba mchana ilikuwa zamu yake. Alichagua matundu kwa sababu dada yake huyu alifanyiwa hayo hayo mwaka jana, akarudi kazini wiki ileile.

Saa sita Mama Faili akampigia mwalimu mmoja mstaafu, wa mwisho kwenye orodha ya matundu.

"Sijambo. Siumwi. Hakuna..."

Ikasikika purukushani, kisha mwanamke akanong'ona, "Dada, mimi mkewe. Huyo aliyekujibu siye. Mume wangu ni mzima kabisa mpaka aulizwe habari ya tumbo. Akiulizwa, huyo ndiye hujibu, na nyumba inanuka nywele zilizoungua. Nikiweka sikio tumboni, namsikia mume wangu humo ndani. Anakwaruza. Ananiita."

Simu ikakatika.

Akakumbuka fundi mwashi wa orodha ya kwanza, aliyekuwa ametaja harufu hiyo hiyo, akampigia tena. "Mimi walianza na matundu," fundi akasema, "damu ikagoma kukatika, wakanipasua. Nesi aliniambia nilipofunguliwa tu, chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua, wakadhani ni waya. Kwani vipi, mama?"

Mama Faili alikuwa amefungua faili la matundu na kukuta fomu ya kwanza kabisa ina jina lake mwenyewe, imejazwa kwa mwandiko wake, Sijambo, Siumwi, Hakuna kitu kingine, na yeye hakumbuki kushika kalamu wala kuiona karatasi hiyo, na mkono wake ulikuwa tayari umeshuka kwenye kovu la kitovuni, lile linalomuwasha tangu mwaka jana.

Saa saba kasoro dakika tano. Alikimbia, akateremka ngazi mbili mbili, kandambili moja ikabaki njiani, akijiambia kwamba atamshika daktari mkono, ataomba mdogo wake apasuliwe, aumwe mwezi mzima akitaka, alie, alalamike, mradi atoke mzima, kisha na yeye mwenyewe afunguliwe leo leo, hata kwa kisu cha jikoni.

Aliwakuta mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mdogo wake amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu.

"Daktari!" alihema. "Usimtoboe! Mpasue!"

Daktari akacheka. "Mama Faili! Wewe wa kusema hivyo? Hebu tuambie, tumbo lako vipi?"

Harufu ikampanda puani. Alitaka kupiga kelele, na kelele akazipiga, akazipiga kwa nguvu zake zote, lakini zilibaki chini, mahali pa giza na joto, penye kuta laini alizozikwaruza kwa kucha zote kumi huku juu, mbali, mdomo wake ukisema kwa upole, "Sijambo. Siumwi. Hakuna kitu kingine."

"Umesikia?" daktari akamwambia mgonjwa.

Mdogo wake akamvuta dada yake, akamkumbatia kiunoni, sikio likagusa tumbo. Akakunja uso.

"Dada, nini kinakwaruza humu?"

"Njaa tu," mdomo ukajibu, na mkono ukakisukuma kitanda ndani.